Alhamisi ya Nane Nukta Mbili Tano

Kazini walimwita Nukta, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu: kuandika kila siku, katika daftari kubwa lenye jalada jeusi, fedha moja ya nchi jirani inanunua ngapi za kwetu. Utasema hiyo ni kazi ya dakika moja, na kweli kuandika kwenyewe ni dakika moja. Lakini Nukta aliigeuza ibada. Saa nane mchana simu ya mezani inalia, mtu wa dawati la fedha za kigeni, ghorofa ya juu, anasoma tarakimu, na Nukta anazirudia kwa sauti, "Nane, nukta, mbili, tano," huku hilo neno la katikati akilipigilia kama msumari. Kisha anaandika, anatia sahihi, anapuliza wino ukauke. Hata nyumbani, watoto wakiomba ruhusa ya kwenda mahali asipopataka, jibu lilikuwa, "Hapana. Nukta." Wakajua mjadala umefungwa.

Usimcheke. Wafanyabiashara wawili wakigombana juu ya deni la miaka saba iliyopita, mmoja akitaka kulipwa kwa fedha ya kule na mwingine akiwa na ya hapa, mwisho wao ulikuwa dirisha la tatu, alipokaa Nukta. Nukta anafungua daftari la mwaka huo, anaandika hati, anagonga muhuri, na ugomvi unakwisha hapo. Mahakimu walimwamini. Wanafunzi wa uchumi walinakili daftari zake usiku na mchana wakapata shahada. Alichokiandika Nukta ndicho kilichotokea, na ambacho hakukiandika hakikutokea.

Daftari hilo lilikuwa na sheria yake. Halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja kwa wino mwekundu, unaandika kiwango sahihi juu yake, unaeleza sababu pembeni, na mkuu wa kitengo anatia sahihi yake chini ya yako. Katika daftari zote za Nukta hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Wageni wakija, wakuu walikuwa wakiwaonyesha kurasa hizo, naye Nukta husimama pembeni ameinamisha macho. Wageni walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, ila aibu na unyenyekevu hukaa namna moja usoni, na yeye hakuona sababu ya kuwatenganishia.

Zilikuwa zimebaki wiki tisa astaafu alipoletwa mama mmoja wa makamo mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia watu. Kazi yake ilikuwa kuziingiza daftari zote kwenye mashine, na haikupita siku mbili akaitwa Bi Kompyuta. Alikuwa mtu makini. Hakutosheka na daftari za Nukta peke yake. Aliwaandikia wenzetu wa nchi jirani nao wakamletea zao, kwa sababu, alisema, kiwango cha fedha ni kama ndoa: ukisikiliza upande mmoja hujasikia kitu.

Jumanne moja asubuhi akamwita Nukta huku akicheka.

"Mzee Nukta, njoo uone vituko vya majirani!"

Nukta akasogea. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na safu mbili za tarakimu, ya kwetu na ya kwao.

"Siku elfu saba na ushee," Bi Kompyuta akasema, "zote zinalingana mpaka desimali ya mwisho. Isipokuwa hapa. Unakumbuka fedha yetu ilipoanguka kutoka nane nukta mbili tano hadi kumi na tatu nukta sita? Daftari lako linasema ilianguka Ijumaa. La kwao linasema Alhamisi. Wamepotea siku nzima, hebu fikiria! Nimeshawaandikia barua warekebishe. Nataka sahihi yako tu, maana wewe ndiye mwenye daftari."

Nukta alizisoma safu zote mbili tena. "Huenda ni sisi," akasema.

"Nani, wewe?" Bi Kompyuta alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee, watu wanasema wewe hata chafya unapiga kwa desimali. Tia sahihi bwana, nisiwacheleweshe."

Nukta akaichukua ile barua, akasema ataisoma kwanza. Akaenda nayo mezani kwake, akaiweka chini ya sahani ya kikombe, na hakunywa chai siku hiyo.

Ukweli wenyewe ni huu, na tuuseme waziwazi, maana yeye aliukalia miaka ishirini na miwili. Mwaka ule serikali ilikuwa imeifunga fedha yetu pale pale kwenye nane nukta mbili tano, na kwa miezi kumi na moja haikusogea hata unywele. Simu ya saa nane ikawa inalia ili kurudia ya jana. Mtu huchoka, hata mtu wa ibada. Nukta akajizoesha kitu ambacho hakumwambia yeyote: Jumatatu asubuhi alikuwa akiandika Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi kwa mkupuo mmoja, pamoja na sahihi, akiiacha Ijumaa peke yake ili dhamiri isimsumbue sana. Kisha simu ikilia anajibu, "Nane, nukta, mbili, tano," na kalamu haijatoka mfukoni.

Mwaka huo huo alikuwa anajenga. Fundi wake alimwambia, "Alhamisi tunamwaga zege la sakafu. Uje mwenyewe, maana mwenye nyumba asipokuwepo saruji huota miguu." Basi Alhamisi saa sita Nukta akatoka ofisini kimya kimya, akaenda kusimamia saruji isiote miguu. Saa nane redio zote za nchi zikatangaza kwamba fedha imeshushwa. Pale kwenye ujenzi hapakuwa na redio, palikuwa na makoleo tu. Nukta akarudi nyumbani ametapakaa vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, akalala fofofo.

Ijumaa asubuhi alikuta madirisha yote yamejaa watu wanaopiga kelele. Akafungua daftari. Alhamisi: nane nukta mbili tano, na sahihi yake mwenyewe, imekaa pale tangu Jumatatu. Simu ikalia.

"Nukta, jana nimekupigia mara tatu. Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kidogo."

"Ya jana lakini umeiandika?"

"Nimeiandika," akasema Nukta.

Na kweli alikuwa ameiandika. Mwongo mzoefu angejikwaa pale. Yeye alisema kweli tupu, na kweli hiyo ikamfunika kama blanketi.

Angeweza kupiga mstari mwekundu. Dakika moja tu. Lakini pembeni pangepaswa kuandikwa sababu, na sababu ilikuwa "niliandika Jumatatu, Alhamisi sikuwepo", na mwezi ule ule karani mwenzake alikuwa amefukuzwa kazi kwa kutoka kabla ya saa. Nyumba ilikuwa na sakafu, haina paa. Mkewe alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Nukta akajiambia kwamba ni siku moja katika siku nyingi, na kwamba hakuna atakayekufa kwa ajili ya siku moja.

Wiki tatu baadaye akaja mwanamke kwenye dirisha la tatu. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, ameshika bahasha ya kampuni ya malori ya nchi jirani. Mumewe, dereva, alikuwa ameuawa na lori lake lililokosa breki kwenye mteremko, alfajiri, kule ng'ambo ya mpaka. Kampuni ilikubali kumlipa mjane elfu sita za fedha ya kwao, lakini zigeuzwe za kwetu kwa kiwango cha siku ya kifo. Siku ya kifo ilikuwa Alhamisi ile.

Nukta alimpa kiti. Akafungua daftari, na kichwani mwake hesabu ikajifanya yenyewe kabla hajaiomba: kwa kiwango cha daftari, elfu arobaini na tisa na mia tano, kwa kiwango cha kweli, elfu themanini na moja na mia sita. Tofauti ilikuwa elfu thelathini na mbili na mia moja. Mshahara wake mwenyewe wakati huo ulikuwa mia tisa. Akaandika hati. Nane, nukta, mbili, tano. Akagonga muhuri.

Mwanamke aliisoma hati hapo hapo dirishani, taratibu, kidole chini ya mstari. "Kaka, hapa pana kosa," akasema. "Siku hiyo fedha ilikuwa imeanguka. Nakumbuka. Redio ilisema, na haikupita muda nikagongewa mlango."

Kama kuna saa ambayo Nukta angeinunua airudishe, kwa kiwango chochote kile, ni hiyo. Nyuma ya mwanamke palikuwa na foleni. Mkuu wa kitengo alikuwa anapita na kikombe chake. Nukta akainama karibu na kioo, akasema kwa upole wote aliokuwa nao, "Pole sana, dada. Fedha ilianguka Ijumaa. Hili ni daftari la serikali. Usijilaumu, majonzi huchanganya siku."

Mwanamke alimtazama. Kisha akaitazama tena hati, akaikunja.

"Labda," akasema. "Asante, kaka. Na asante kwa kiti."

Basi sasa unaelewa kwa nini ile barua ya Bi Kompyuta ilikaa chini ya sahani siku tatu. Zilibaki wiki chache tu. Atie sahihi, nchi nzima ya jirani ifute Alhamisi yake iandike Ijumaa, na kosa la Nukta liwe kweli ya mataifa mawili. Au aseme, na kiinua mgongo cha miaka thelathini na mmoja kiingie shakani. Usiku alikuwa akijigeuza kitandani mpaka mkewe akamuuliza kama ameanza kufuga kunguni. Mchana kila aliyemwita "Mzee Nukta" alimsikia kama anayemsuta.

Siku ya nne akaenda kwa Bi Kompyuta, akaiweka barua mezani bila sahihi.

"Isiende hii. Wako sahihi wao. Mimi ndiye niliyekosea, na sikukosea kwa bahati mbaya."

Akamweleza yote, ya Jumatatu na ya saruji. Bi Kompyuta alivua miwani ya kusomea, akavaa ya kutazamia watu, akamtazama. Akanyanyuka, akamwongoza hadi kwa mkuu wa kitengo.

Mkuu wa sasa alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza. Nukta aliingia akiwa tayari kwa lolote: kufukuzwa, polisi, kusomewa barua mbele ya wenzake. Alikuwa hata amevaa viatu vyake vizuri. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza chai.

"Mzee wangu, ni siku moja! Tunapiga mstari mwekundu, pembeni tunaandika 'kosa la kunakili', tunatia sahihi wawili, tumemaliza. Kiinua mgongo chako hakiguswi. Nani ameumia?"

"Yupo aliyeumia."

"Amelalamika?"

"Hapana."

"Basi mzee, ukianza kumtafuta mtu ambaye hajalalamika utampa ugonjwa asiokuwa nao. Kunywa chai."

Nukta akanywa. Alikuja kuomba adhabu akapewa sukari vijiko viwili. Walipomletea daftari, alipiga mstari kwa wino mwekundu, akaandika juu yake kumi na tatu nukta sita, na pembeni, badala ya maneno aliyoambiwa, akaandika: Niliandika Jumatatu. Alhamisi sikuwepo. Mkuu aliguna, lakini akatia sahihi.

Jumamosi alimwambia mkewe. Walikuwa wamekaa kizingitini, maana ndani Nukta hakuweza. Ile sakafu ilimsemea chini ya nyayo. Mkewe alisikiliza akichambua mchele kwenye ungo, na swali lake la kwanza halikuwa lile Nukta alilolitazamia.

"Sakafu hii hii?"

"Ya sebuleni. Na ya chumba chetu."

Mkewe akageuka kuitazama sebule aliyoipiga deki miaka ishirini na miwili. Kisha akarudi kwenye mchele wake. "Na huyo mama yuko wapi?"

"Sijui. Nitamtafuta. Nimeshapiga hesabu." Akatoa karatasi mfukoni. Tofauti ya siku ile ameigeuza kwanza kuwa fedha ya jirani kwa kiwango cha siku ile, kisha ameirudisha kuwa fedha yetu kwa kiwango cha leo. "Ni laki mbili, ishirini na saba elfu, mia tano thelathini na mbili, nukta tatu tano."

"Na hiyo nukta tatu tano utampa kwa kijiko?" mkewe akauliza. Hakuwa anacheka. "Baba watoto, hizo fedha tutazitoa, sina ubishi. Lakini ukitanguliza bahasha, mama wa watu ataona umekuja kununua usingizi wako. Tanguliza mdomo. Bahasha ije nyuma, ikitakiwa."

Kumpata hakukuwa kugumu, na hilo nalo lilimuuma Nukta: miaka yote hiyo palikuwa na njia. Kwenye kishina cha kitabu cha hati palikuwa na jina na mtaa. Mtaani walimwelekeza kwenye gereji ambako marehemu alikuwa akilaza lori. Gerejini fundi mmoja mzee alimwambia kwamba mjane anakaa na binti yake mwalimu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri. Jumapili ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, Nukta alikuwa anapanda ngazi, mkono mmoja ukutani, mwingine juu ya mfuko wenye bahasha.

"Hodi!"

"Karibu." Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka kama thelathini, vidole vina chaki hata Jumapili. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mama yako. Tulionana zamani, kikazi."

Binti alisita. Akatoka nje kidogo, akauvuta mlango nyuma yake, akateremsha sauti. "Yupo, mzee. Ila akikuambia jambo usilibebe hivyo hivyo. Mama huchanganya siku. Si uzee, ni tangu baba alipofariki. Majonzi yalimvuruga."

Nukta alishika fremu ya mlango. Maneno yale aliyajua yalikozaliwa. Aliyasema yeye, kwa dakika moja, kupitia kioo cha dirisha, na hapa yalikuwa yamekua, yamepata chumba katika nyumba ya watu.

Ndani palikuwa pasafi. Ukutani kalenda kubwa, kila siku iliyopita imekatwa msalaba kwa kalamu, na chini yake kisanduku cha dawa chenye vyumba saba vya siku saba. Mjane alikuwa ameketi dirishani akikunja nguo zilizokauka. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Aliinua macho, akamtazama Nukta, wala hakuchukua muda.

"Dirisha la tatu," akasema. "Ulinipa kiti."

"Mama, huyu mzee humjui," binti alisema kwa ile sauti ya kuwasahihisha wanafunzi wa darasa la pili. "Ndiyo kwanza anafika."

"Ndimi," Nukta akasema. "Dirisha la tatu. Mama yako amesema kweli."

Nukta alikaribishwa kochi, lakini akachagua kigoda, akakaa mbele ya mjane magoti yakikaribiana na kikapu cha nguo. Njiani alikuwa amepanga maneno ya utangulizi, mazuri tu. Yote yalimtoka.

"Mama, siku ile ulipokuja, ulikuwa sahihi. Fedha ilianguka Alhamisi, siku ile ile aliyofariki mumeo. Daftari lilikosea, na mimi nilijua kwamba limekosea, kwa sababu ni mimi niliyelikosesha. Niliogopa kufukuzwa. Nikakuambia umechanganya siku, na hukuwa umechanganya. Nilikudhulumu fedha zako, elfu thelathini na mbili na mia moja za wakati ule. Nilijua, nikakutazama usoni, nikagonga muhuri."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi. Mjane alishikilia shati alilokuwa analikunja, mikono miwili ya shati ikining'inia.

"Alhamisi," akasema.

"Alhamisi."

"Nilikuwa napiga pasi," mjane akasema polepole. "Redio iko juu ya kabati. Akasema fedha imeshushwa, nikasema moyoni, mume wangu analipwa kwa fedha ya kule, leo atacheka. Sijamaliza kola, nikagongewa mlango." Akamgeukia binti yake. "Nilikuambieni hivyo. Niliwaambia wote. Shemeji akaichukua ile hati, akaisoma kikao kizima cha ukoo kikasikia, akasema, jamani, huyu anataka tuamini serikali nzima imekosea na yeye ndiye sahihi. Watu wakacheka. Wakasema mtu asiyejua hata siku aliyofiwa ataishikaje fedha ya watoto? Ikakabidhiwa yeye."

"Baba mdogo alitusaidia sana, mama," binti alisema, lakini sauti haikuwa ile ya darasani.

"Alisaidia." Mjane alimrudia Nukta. Macho yake yalikuwa makavu, tena makali. "Unajua kwa nini nilikubali? Ulisema kwa upole. Ungenifokea ningebisha, ningekwenda dirisha jingine, ningepiga kelele mpaka wanitoe. Lakini ulisema kwa upole, na ulikuwa umenipa kiti. Nikajiambia, mtu mwema kama huyu anidanganye ili iweje? Lazima kichwa changu ndicho kibovu."

Nukta alitamani ardhi ipasuke. Alitoa bahasha, akaiweka juu ya nguo zilizokunjwa, akijua hapo hapo kwamba ameharakisha. Mjane hakuitazama. Aliisogeza pembeni kwa upande wa kiganja, kama mtu anayeondoa kitu kinachomzibia kazi.

"Basi na kiwanja," akasema. "Walisema nilitia sahihi kukiuza, nimesahau tu. Nikasema labda. Mimi sikutia sahihi. Sikuwahi kuiona karatasi ile."

"Mama..."

"Na dawa ya asubuhi." Alikionyesha kisanduku kwa kidevu. "Nikinywa mwenyewe ukiwa bafuni, ukitoka unaniambia sijanywa, unanipa nyingine. Nakunywa tena. Hata leo nimekunywa mara mbili. Nasema labda ni kweli sijanywa."

Binti akaweka mkono mdomoni. Alikwenda kwenye kisanduku, akakifungua, akakifunga, akabaki amesimama nacho.

"Na siku ya mahafali yako," mjane akasema.

"Mama, hiyo tuiache." Binti alisema haraka. "Ulisahau. Nilikwisha kukusamehe."

"Sikusahau. Niliamka alfajiri, nikavaa, nikakaa sebuleni. Baba yako mdogo akaja akaniambia si leo, ni kesho, umechanganya tena. Nikamwambia ni leo. Akasema hata siku ya kufiwa ulisema hivyo hivyo. Nikabaki pale na viatu mguuni mpaka jioni, uliporudi na joho lako mkononi hutaki kuniangalia." Aliliweka lile shati kikapuni. "Nilikuwa nimejua siku, mwanangu. Nilikuwa nimeijua."

Binti alikuja akapiga magoti kando ya kikapu, akakilaza kichwa mapajani mwa mama yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Yule baba mdogo alikuwa amezikwa mwaka wa pili huo, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Katika wawili walioanza kumfanya mwanamke huyu aseme labda, aliyebaki hai ni yule aliyekaa juu ya kigoda.

Nukta alikuja na siku moja. Alikuwa ameibeba miaka ishirini na miwili akiujua uzito wake mpaka desimali, akidhani ataitua hapa na kwenda zake. Sasa aliona siku zinatoka moja baada ya nyingine, ambazo hakuziandika katika daftari lolote, na zote zina sahihi yake.

"Mama," akasema, na machozi yalikuwa yanamshuka wala hayafuti, "nisamehe. Nakuomba unisamehe."

Mjane alikuwa anakipapasa kichwa cha binti yake kwa mkono mmoja. Wa pili aliuinua mbele ya Nukta, kidole kimoja juu, macho yakiwa mbali.

"Ngoja kwanza," akasema. "Bado nahesabu."

Nukta akangoja.